Kutibu pemfigasi kwa dawa za kushusha kinga: kutoka kipande cha ngozi hadi kidonge cha mwisho

Mgonjwa wa pemfigasi vulgarisi hufika kwako akiwa ameshatibiwa mara tatu nne kwa kitu kingine: fangasi za mdomo, hepesi, upungufu wa vitamini, na kama ana vidonda sehemu za siri pia, magonjwa ya zinaa. Mdomo huanza, na ngozi hufuata baada ya wiki au miezi. Kinga ya mwili imetengeneza askari (antibodi) dhidi ya desmogleini, protini zinazoshikanisha seli za ngozi. Askari dhidi ya desmogleini 3 hubambua mdomo, na wale wa desmogleini 1 hubambua ngozi. Ndiyo maana malengelenge yake ni teketeke, yana ukuta mwembamba, na mara nyingi utakuta yameshapasuka na kuacha michubuko mibichi inayouma.

Kabla ya steroidi kuingia katika tiba miaka ya 1950, wengi wa wagonjwa hawa walikufa. Leo anayekufa mara nyingi huuawa na maambukizi yaliyopata mwanya chini ya dawa zetu wenyewe. Kwa hiyo sehemu ndefu ya mwongozo huu inahusu yale yanayofanyika kabla ya kidonge cha kwanza. Umeandikwa kwa madaktari, matabibu na wauguzi wa hospitali za wilaya na mikoa wanaomwanzishia mgonjwa dawa au wanaomfuatilia baada ya kuonwa na daktari wa ngozi. Mgonjwa anayeusoma asijianzishie wala kujipunguzia dozi.

Hatua ya 1: Hakikisha ni pemfigasi

Sugua kwa kidole, ukibonyeza kidogo, ngozi iliyo karibu na lengelenge. Tabaka la juu likiteleza na kubambuka, dalili ya Nikolsky ipo. Inasaidia, lakini haithibitishi, kwa sababu hata mgonjwa aliyebabuka ngozi kwa Septrini au nevirapini anaweza kuionyesha.

Kata vipande viwili vya ngozi kwa kitobozi cha milimita 4. Cha kwanza chukua ukingoni mwa lengelenge jipya lisilozidi siku moja au mbili, ukiweke kwenye formalini ya asilimia 10. Cha pili chukua kwenye ngozi nzima, karibu sentimita 1 kutoka kwenye lengelenge, kwa ajili ya imunofluoresensi, kipimo kinachowaonyesha askari hao wakiwaka chini ya darubini. Hiki kisiguse formalini hata kidogo. Kama huna kimiminika cha Michel cha kuhifadhia kipande hiki, kiweke kwenye maji ya chumvi ya dripu ya asilimia 0.9 na kifike maabara ndani ya saa 24, isizidi 48. Kosa tunaloliona sana ni vipande vyote viwili kutumbukizwa kwenye chupa moja ya formalini. Hapo kipimo cha pili kimekufa na mgonjwa atakatwa upya. Kosa jingine ni kukata katikati ya chubuko la zamani, na jibu linarudi "uvimbe usio mahususi".

Hospitali nyingi za wilaya hazina darubini ya imunofluoresensi. Usikae miezi miwili ukiisubiri huku mgonjwa anabambuka. Kipande cha formalini kikionyesha seli zimeachana juu kidogo ya tabaka la chini la ngozi, na picha ya mgonjwa inalingana, anza tiba huku ukiwasiliana na daktari wa ngozi. Kwa Kaskazini mwa Tanzania na nchi jirani, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC mjini Moshi kimekuwa kikifundisha matabibu wa ngozi wa ukanda huu tangu 1992, kwa hiyo huenda mmoja wa waliopita pale yuko mkoani kwako.

Uliza pia dawa anazokunywa. Kaptoprili, penisilamini na rifampisini zinaweza kuamsha pemfigasi. Mgonjwa wa presha aliye kwenye kaptoprili mhamishie amlodipini kabla hujafika mbali.

Hatua ya 2: Funga milango kabla hujashusha kinga

Mpime uzito kwa mizani, usikisie, kwa sababu dozi zote zinatoka hapo. Kisha chukua: picha kamili ya damu, kreatinini, vimeng'enya vya ini, sukari, presha, VVU, homa ya ini B (HBsAg, alama ya kirusi chenyewe kwenye damu, na askari dhidi ya kiini cha kirusi kama rituksimabu, dawa ya dripu ya Hatua ya 5, inafikiriwa), homa ya ini C, mimba kwa mwanamke wa umri wa kuzaa, na picha ya kifua.

Mambo manne hayaruhusu mzaha.

*Kifua kikuu.* Uliza kikohozi, homa, jasho la usiku na kupungua uzito. Mwenye dalili atoe makohozi yapimwe kwa GeneXpert kabla ya kitu kingine. Asiye na ugonjwa lakini yuko hatarini mpe kinga ya isoniazidi miligramu 300 kwa siku kwa miezi 6, pamoja na piridoksini miligramu 25. Kuna kozi fupi ya wiki 12 yenye rifapentini, lakini kwa mgonjwa huyu hatuipendelei: rifapentini na ndugu yake rifampisini hulifanya ini lichome prednisoloni, steroidi ya vidonge tutakayomwanzishia, haraka mno. Mgonjwa anayelazimika kunywa rifampisini kwa sababu ana TB hupoteza nusu au zaidi ya nguvu ya prednisoloni yake, na malengelenge hurudi wakati kila mtu anaapa dozi haijaguswa. Dozi huhitaji kupandishwa, mara nyingi maradufu, na kushushwa tena baada ya rifampisini kukoma.

*Minyoo ya strongiloidi.* Aliyezoea kulima au kutembea pekupeku kwenye udongo wenye unyevu anaweza kuibeba miaka mingi bila dalili. Ukimpa steroidi, minyoo huzaliana ndani kwa ndani, hutoboa utumbo na kusambaza bakteria wa kinyesi kwenye damu. Utaona tumbo kuuma, kikohozi, homa na kifo, na cheti kitaandikwa "sepsisi". Kipimo kimoja cha choo kikiwa safi hakitoshi kukuhakikishia. Mpe ivermektini mikrogramu 200 kwa kilo: mtu wa kilo 60 anakunywa miligramu 12, siku 2 mfululizo, na kurudia baada ya wiki 2. Isipewe mjamzito. Na kama mgonjwa ametoka misitu ya Kongo na Afrika ya Kati kwenye ugonjwa wa Loa loa, mpime kwanza minyoo hiyo kwenye damu ya mchana, kwa kuwa ivermektini kwa mtu mwenye wingi wa Loa loa inaweza kudhuru ubongo.

*Homa ya ini B.* Mwenye HBsAg aanze tenofoviri kabla ya dawa kali. Kwa rituksimabu, hata asiye na HBsAg lakini ana askari dhidi ya kiini cha kirusi anahitaji ulinzi, na tenofoviri iendelee angalau miezi 12 baada ya dripu ya mwisho. Kuiacha mapema ndiko kunakoleta homa ya ini ya ghafla.

*VVU.* Kuwa na VVU hakumnyimi mtu tiba ya pemfigasi. Aanze ARV na virusi vishuke. Dolutegraviri haigongani na prednisoloni. Ritonaviri hupandisha kiwango chake mwilini, na madhara hufika mapema.

Chanjo: zile za virusi au bakteria hai, yaani homa ya manjano, surua na BCG, ni marufuku akishaanza dawa. Msafiri anayedaiwa kadi ya homa ya manjano mpakani aandikiwe cheti cha kusamehewa kwa sababu za kiafya. Chanjo zisizo hai, kama ya nimonia au homa ya ini B, ni vizuri zitangulie, hasa wiki 4 kabla ya rituksimabu.

Hatua ya 3: Prednisoloni

Dozi ya kuanzia ni miligramu 1 kwa kilo kwa siku, yote asubuhi baada ya kula. Ugonjwa mwepesi, wa mdomo tu, unaweza kuanza na 0.5, mkali hufika 1.5.

Hapa ndipo mambo huharibika kwa sababu ndogo sana. Vidonge vyetu ni vya miligramu 5. Mtu wa kilo 60 anatakiwa kumeza vidonge 12 kwa mkupuo. Anaogopa. Mhudumu wa duka la dawa naye anaogopa, anasema daktari amekosea, anampa viwili asubuhi viwili jioni. Baada ya wiki mbili mgonjwa anarudi na malengelenge mapya, na wewe unaandika "hajaitikia tiba". Andika kwenye cheti na kwenye daftari lake kwa maneno: "vidonge kumi na viwili kwa pamoja, kila asubuhi". Mweleze yeye pamoja na ndugu anayemhudumia, kisha mwambie ahesabu vidonge mbele yako. "Mama, hesabu nione" inaokoa zaidi kuliko dawa ya pili.

Anayefunga Ramadhani azungumze nawe kabla mwezi haujaandama. Kwa mtu aliyetulia kwenye dozi ndogo, dozi ya asubuhi huhamia daku, pamoja na chakula. Aliye kwenye dozi kubwa, mwenye sukari iliyopanda au michubuko inayovuja maji, hapaswi kufunga, na dini inamruhusu.

Subiri wiki 2. Ugonjwa umedhibitiwa pale malengelenge mapya yanapokoma na ya zamani yanaanza kufunga. Usipouona udhibiti huo, pandisha kwa robo hadi nusu ya dozi, usizidi miligramu 2 kwa kilo. Lakini kabla ya kupandisha jiulize mambo matatu: anameza kweli? Anatumia rifampisini, fenitoini au karbamazepini? Na je, hiki ninachokiona ni pemfigasi au hepesi iliyopanda juu yake? Mdomo uliokuwa unapona ukilipuka ghafla kwa maumivu makali na vidonda vidogo vya duara kama vilivyotobolewa, mpe asikloviri miligramu 400 mara 5 kwa siku kwa siku 7 hadi 10 kabla hujaongeza steroidi. Tumeona dozi zikipandishwa mara mbili kwa ajili ya hepesi, na hepesi ikashukuru.

Pamoja na prednisoloni:

- Kalisi jumla ya gramu 1 hadi 1.2 kwa siku, chakula kikihesabiwa, na vitamini D yuniti 800.
- Omeprazoli miligramu 20 kama ana vidonda vya tumbo, ni mzee, au anakunywa diklofenaki. Afadhali diklofenaki iondoke.
- Septrini miligramu 960 kwa siku, ikiwa atakaa juu ya miligramu 20 za prednisoloni kwa mwezi au zaidi na ana dawa ya pili ya kushusha kinga. Isitolewe pamoja na methotreksati: hizo mbili hukausha uboho.
- Alendroneti miligramu 70 kwa wiki ni nzuri kwa mifupa, ila humtaka mtu akae wima nusu saa na huchoma koo. Mwenye pemfigasi ya koo asipewe mpaka amepona.

Pima sukari na presha kila wiki mwezi wa kwanza. Kisukari cha steroidi hupanda mchana na jioni. Sukari ya asubuhi kabla ya kula inaweza kukudanganya kwa uzuri wake. Pima saa 8 au 10 alasiri.

Hatua ya 4: Dawa ya pili, tangu mapema

Prednisoloni pekee huzima moto, lakini kuitegemea miaka miwili kunavunja mifupa. Dawa ya pili huchukua wiki 6 hadi 12 kuanza kusaidia, kwa hiyo ukiisubiri mpaka prednisoloni ishindwe umechelewa.

Azathioprini ndiyo inayopatikana kirahisi zaidi. Anza kidonge kimoja cha miligramu 50 kwa wiki 1 au 2, pima damu, kisha panda hadi miligramu 2 kwa kilo. Mtu wa kilo 60 huishia kwenye 100 hadi 125. Kipimo cha TPMT, kimeng'enya kinachoivunja azathioprini mwilini, hakipo mahali pengi, na kuanza chini ndiyo mbadala wetu. Picha kamili ya damu kila wiki kwa wiki 4, halafu kila mwezi, halafu kila miezi 3. Simamisha seli nyeupe zikishuka chini ya 3.5, chembe sahani chini ya 100, au kimeng'enya cha ini kikipita mara 3 ya kawaida. Zingatia vitu viwili. Prednisoloni yenyewe hupandisha seli nyeupe, kwa hiyo namba nzuri si lazima iwe nzuri. Na Waafrika wengi huishi na neutrofili za 1.0 hadi 1.5 bila ugonjwa wowote. Usipoangalia namba ya kabla ya dawa utamnyang'anya mtu dawa inayomfaa.

Aloprinoli ya gauti ni adui mkubwa wa azathioprini. Huzuia njia inayoivunja, dawa inajaa, uboho unakauka. Mzee mwenye gauti asipewe zote mbili. Homa, kutapika na mwili kuuma ndani ya wiki 2 za mwanzo ni mzio wa azathioprini: acha, usirudie tena kamwe.

Mikofenolati huanza miligramu 500 mara 2 kwa siku na kuongezwa 500 kila wiki hadi gramu 2 kwa jumla. Ni laini zaidi kwa ini, huharisha, na ni ghali. Huharibu mimba: pima mimba kabla, na uzazi wa mpango uwe wa uhakika, uendelee wiki 6 baada ya kuacha.

Methotreksati miligramu 10 hadi 20 *mara moja kwa wiki*, na folik asidi miligramu 5 siku nyingine. Chagua siku yenye jina: "Jumatatu tu". Ukiandika "vidonge 6 kwa wiki" kuna atakayemeza kimoja kila siku, na hicho ndicho kifo cha methotreksati: mdomo unachubuka kabisa, damu inakauka, na watu wanadhani pemfigasi imerudi. Vidonge vipo vya miligramu 2.5 na vya 10, vinavyoweza kufanana. Toa aina moja tu katika hospitali yako. Figo mbovu ni kizuizi.

Siklofosfamidi imebaki kwa walioshindwa kwingine. Huko India tangu miaka ya 1980, daktari wa ngozi Pasricha na wenzake waliitumia kwa mizunguko ya kila siku 28: deksamethasoni miligramu 100 ndani ya dripu ya dekstrosi kwa siku 3 mfululizo, na siklofosfamidi miligramu 500 siku ya pili, huku kidonge cha miligramu 50 kikimezwa kila siku. Inafanya kazi. Inaua pia mayai ya uzazi na kuchubua kibofu, kwa hiyo kwa kijana ambaye hajazaa fikiri mara mbili na umweleze waziwazi.

Hatua ya 5: Rituksimabu, pale inapowezekana

Jaribio la Ufaransa lililochapishwa 2017 liliwafuatilia wagonjwa 90. Miaka miwili baadaye asilimia 89 ya waliopewa rituksimabu pamoja na prednisoloni ya muda mfupi walikuwa wamepona bila dawa yoyote, dhidi ya asilimia 34 waliotumia prednisoloni peke yake. Marekani iliiidhinisha kwa pemfigasi 2018. Bei ndiyo kizuizi, ingawa nakala za dawa hiyo zilizotengenezwa India zimeishusha. Kama familia inaweza kuchangia mara moja tu, maoni yetu ni kwamba fedha hiyo itoke mwanzoni mwa ugonjwa, si baada ya miaka mitatu ya steroidi.

Kozi ni gramu 1, na gramu 1 tena baada ya siku 14. Vichupa vikae nyuzi 2 hadi 8. Ndugu anayesafiri nayo kutoka Dar es Salaam au Nairobi aje na kisanduku cha baridi, barafu isiguse chupa. Dawa iliyoganda hutupwa.

Mgonjwa asimeze dawa ya presha katika saa 12 zinazotangulia dripu. Nusu saa kabla mpe parasetamoli gramu 1, klorofenamini miligramu 10 na methilprednisoloni miligramu 100 kwenye mshipa. Toa mililita 100 kwenye mfuko wa maji ya chumvi wa mililita 500, weka mahali pake vichupa viwili vya miligramu 500. Geuza mfuko polepole, usitikise. Sasa una miligramu 2 kwa kila mililita.

Anza miligramu 50 kwa saa, yaani mililita 25. Kama huna pampu, kwa mpira wa matone 20 kwa mililita hayo ni matone 8 kwa dakika. Ongeza matone 8 kila nusu saa ikiwa presha na joto vimetulia, mwisho matone 67. Dripu ya kwanza huchukua zaidi ya saa 4. Ya pili inaweza kuanza kwa kasi maradufu. Akitetemeka, akiwashwa au akibanwa kifua, simamisha, subiri atulie, rudi kwa nusu ya kasi. Presha ikianguka au akishindwa kupumua, adrenalini miligramu 0.5 kwenye nyama ya paja, bila kungoja mtu.

Matokeo huonekana baada ya miezi 2 hadi 4, kwa hiyo prednisoloni isiachwe siku ya dripu. Uzazi wa mpango uendelee miezi 12 baada ya dozi ya mwisho.

Hatua ya 6: Ngozi na mdomo

Lengelenge kubwa litobolewe kwa sindano safi upande wa chini, maji yatoke, na ngozi ya juu iachwe ilale mahali pake kama bandeji. Usiikate. Michubuko inayotoa majimaji ioshwe kwa pamanganeti ya potasi: kidonge cha miligramu 400 kwenye lita 4 za maji, rangi iwe ya waridi hafifu. Ikiwa zambarau, umezidisha na utamchoma. Kisha paka vaselini nyingi, funika kwa shashi iliyolowa vaselini, funga kwa bandeji ya kuzungusha. Plasta isiguse ngozi hata ya kushikia kanula, kwani itaondoka na ngozi. Shuka linaloganda liloweshwe kwa maji ya chumvi kabla ya kuvutwa. Jani la mgomba lililooshwa na kuchemshwa halishiki kidonda, na wodi za India hulilaza chini ya wagonjwa kama hawa.

Mgonjwa aliyebambuka eneo kubwa anahudumiwa kama aliyeungua: maji, joto, mkojo wa angalau nusu mililita kwa kilo kwa saa, na protini. Kumbuka homa hufichwa na steroidi. Mgonjwa aliyekuwa anaongea na leo amelala tu, mapigo yanakwenda mbio, ana maambukizi mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Kwa mdomo, yeyusha kidonge kimoja cha prednisoloni kwenye mililita 10 za maji, azungushe dakika 3 na kutema, mara 4 kwa siku. Utando mweupe ni fangasi. Mpe nistatini au flukonazoli. Uji wa lishe uliopoa, mtori, mayai ya kuchemsha laini na maharage yaliyopondwa hupita. Pilipili, ndimu, kachumbari, bisi na mihogo ya kukaanga vingoje.

Ikiwa ni pemfigoidi

Bibi wa miaka 80 mwenye malengelenge magumu yaliyojaa, yanayowasha sana, mdomo ukiwa mzima, kwa uwezekano mkubwa ana pemfigoidi, ugonjwa ndugu wa pemfigasi. Miligramu 1 kwa kilo ya prednisoloni humuua mapema kuliko ugonjwa. Krimu ya klobetasoli ya asilimia 0.05, gramu 20 hadi 40 kwa siku mwili mzima isipokuwa usoni, ndiyo tiba salama zaidi; tatizo ni bei ya tyubu, na kwamba mtaani krimu hiyohiyo inajulikana kama ya kujichubua, kwa hiyo familia itakuangalia vibaya usipoeleza. Doksisaiklini miligramu 200 kwa siku ilijaribiwa Uingereza na Ujerumani dhidi ya prednisoloni: ilituliza asilimia 74 dhidi ya 91 katika wiki 6, lakini madhara makubwa ya mwaka mzima yalikuwa asilimia 18 dhidi ya 36. Tunaianza kwanza kwa wazee wengi. Prednisoloni ikihitajika, 0.5 kwa kilo. Dapsoni, ile ya ukoma, husaidia baadhi, ila pima kwanza G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, hasa kwa watu wa pwani, maana upungufu wake ni wa kawaida panapokuwa na malaria nyingi na dapsoni itavunja chembe zao nyekundu. Uliza pia kama anatumia vildagliptini au gliptini nyingine za kisukari, ziondoe.

Hatua ya 7: Kushusha

Usishushe kwa sababu mwezi umekwisha au uso umevimba. Shusha pale wiki 2 zimepita bila lengelenge jipya na michubuko karibu asilimia 80 imefunga. Kwa aliyeanza 60: 50, 40, 30, 25, 20, kila ngazi wiki 2. Kuanzia hapo 17.5, 15, 12.5, 10, kila ngazi wiki 4. Chini ya 10 tungependa kupunguza miligramu 1 kwa mwezi, lakini vidonge vya miligramu 1 ni adimu. Tumia 10 leo na 7.5 kesho kwa mwezi, kisha 7.5 kila siku kwa mwezi, na kuendelea hivyo.

Mwambie mgonjwa jambo hili mara tatu: aliyemeza prednisoloni zaidi ya wiki 3 asiache ghafla, kwa kuwa tezi zake za adrenali zimelala. Akiharisha, akitapika, au akifanyiwa upasuaji, anahitaji zaidi. Akishindwa kumeza, achomwe haidrokotisoni miligramu 100 na kupelekwa hospitali. Liandike jalada la mbele la daftari, si ndani.

Anayetaka kushika mimba ahamie prednisoloni ndogo na azathioprini; methotreksati iachwe miezi 3 kabla. Mtoto anaweza kuzaliwa na malengelenge machache kutokana na askari wa mama, na huisha yenyewe ndani ya wiki chache.

Lengelenge moja au mawili njiani si kurudi kwa ugonjwa: simama kwenye dozi uliyopo, paka klobetasoli, subiri wiki. Matatu au zaidi ndani ya mwezi, yasiyofunga yenyewe ndani ya wiki moja, hayo ni marudio. Rudi ngazi mbili juu. Aliyekuwa 15 anarudi 20, na ukiwa umeshathibitisha kwamba anameza na hana hepesi, angalia dozi ya dawa ya pili: mara nyingi utakuta azathioprini ilibaki kwenye kidonge kimoja cha wiki ya kwanza, na hakuna aliyeipandisha.